Waya wa Mzee Noordin

Mwili wa Mzee Noordin ulilazwa kwenye ubao wa kuoshea maiti, nyuma ya msikiti wa Suna, umefunikwa shuka hadi kifuani. Waoshaji walikuwa wamesimamisha maji.

"Nilibandua plasta ili maji yafike kwenye ngozi," alisema mwanawe, Mohammad. "Tazama mwenyewe, Afande."

Inspekta Monicah Werema aliinama. Chini ya bega la kushoto palikuwa na mkato mpya, umeshonwa harakaharaka. Betri iliyokuwa ikiusukuma moyo wa mzee, pamoja na waya wake, haikuwepo.

Monicah alijishika chini ya bega lake mwenyewe la kushoto. Kovu lake lilikuwa palepale.

"Alifia wapi?"

"Homa Bay, kliniki ya Daktari Mayaka, aliyemwekea betri hiyo mwaka huu. Wiki hii alikuwa akizimia ovyo. Daktari akasema ni uzee. Tulipokwenda kuchukua mwili akatuuliza tumeleta suti gani."

"Suti?"

"Nilishangaa. Sisi twazika kwa sanda."

Aliyempasua Monicah mwaka uliopita na kumtia betri kama hiyo ni Mayaka huyohuyo. Njiani kwenda Homa Bay, kila gari lilipoingia shimoni alisubiri pigo lifuatalo la moyo. Bwana, usiniachilie, aliomba, na midomo haikusogea.

Kwenye kliniki, konstebo aliyefuatana naye aliikuta betri kwenye ndoo ya sindano zilizotumika, imefungwa kwa bandeji. Plastiki ya waya wake ilikuwa imepasuka na chuma kinaonekana.

"Kwa nini ulipasua maiti, Daktari?"

"Betri hutolewa. Ni utaratibu."

"Hutolewa kwa anayechomwa moto. Huyu anazikwa. Na suti uliulizia nini?"

Mayaka alifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

"Maiti wengine huvishwa hapahapa," alisema mwishowe. "Akishafungwa tai, nani atamfungua vifungo? Nilisahau kwamba hawa huosha wafu wao wenyewe."

"Huu waya umechakaa kama wa miaka mingi. Ulikuwa wa nani kabla ya Noordin?"

Mayaka aliirudisha miwani usoni.

"Wa mvuvi mmoja wa kisiwa cha Mfangano. Alizama."

"Ukautoa kwa marehemu ukamtia mtu hai?"

"Waya mpya haukupatikana, na wagonjwa wananifia kwenye benchi lile pale nje. Mke wangu Marion alifia hapo akingoja. Nikaapa hatangoja mwingine. Betri naweza kuipima. Waya ukishauchomoa huchubuka mahali usipopaona. Utadumu miaka, au utakatika kesho. Noordin alipoanza kuzimia nilijua. Ningesema, ningelazimika kuwaita wote niliowawekea. Nikaogopa. Alipokufa, nikautoa usije ukaonekana."

Monicah alichomoa pingu kiunoni na kuziinua kwa mkono wa kushoto.

"Na mimi je?"

Mayaka aliyatazama macho yake, kisha bega lake.

"Mama," alisema polepole, "mpe konstebo hizo pingu. Mkono huo wa kushoto usiuinue tena."