Mgeni Aliyeulizia Mwanawe

Bi Zeina alikuwa akimpimia mteja kitambaa cha mapazia, dukani kwake Mtaa wa Mchikichi, mkono wake ulipoganda juu ya jora. Akainua uso kama mtu aliyesikia mvua ya mbali, akasema polepole: "Biaus filz, ou es tu?"

Mteja alidhani ni Kiarabu cha kwao. Huda, binti wa Bi Zeina, alijua sicho. Alikuwa amesomea Kifaransa chuo kikuu, na kile cha kale alikijua kwa vitabu tu: mwanangu mpenzi, uko wapi? Mama hakujua Kifaransa hata cha salamu. Lakini lile neno la mwana alilimalizia kwa "ts", sauti iliyokufa vinywani mwa Wafaransa tangu karne ya kumi na tatu.

"Mama?" Huda alinong'ona.

Harufu ya manyoya ya kondoo yaliyolowa ikalijaza duka, mchana ule wa jua kali.

Wiki ile nyumba yao ilikuwa ikingoja Ijumaa. Taimur, kaka yake Huda, alikuwa amezama na mashua ya mpira akitoka Libya kwenda Italia. Mwili haukupatikana, na mwaka mzima mama alikataa kuweka matanga, akisema haweki msiba wa mtu ambaye hajamzika. Sasa, hatimaye, alikuwa amekubali hitima isomwe. Huda aliomba tu siku ifike kabla mama hajageuza moyo.

Badala yake mama akawa wa kuzunguka vyumbani akifungua milango, hata ya makabati, akiita kwa sauti isiyo yake, na miguu yake mikavu ikiacha nyayo za tope kwenye vigae.

Mjomba Abdulla akamleta Mzee Kitwana, mganga wa Buguruni. Akafukiza ubani, akamfunika mama kitambaa cheupe, akamwuliza mgeni aliyempanda jina lake, kwao na anachotaka. Jibu lilipokuja akamgeukia Huda.

"Nimesema na majini wa Kihabeshi, nimesema na wa Kibuki wa huko Madagaska," alinong'ona. "Huyu wenu hata salamu hajui. Nifasirie, binti yangu."

Huda akafasiri kwamba mgeni aliwahi kukaa kifuani mwa mwanamke mmoja wa karibu na Vendôme, Ufaransa, ambaye mwanawe aliwaacha kondoo malishoni kiangazi cha mwaka 1212 akaandamana na watoto wenzake nyuma ya mchungaji mdogo aliyedai katumwa na Mungu, wakaenda wakiimba, wakiamini bahari itapasuka wapite kwa miguu hadi Yerusalemu, na yule mama akasubiri mpaka akafa, kilio chake kikabaki hakina mwenyewe ila jini, naye tangu hapo akawa anakibeba kutoka kwa mama anayesubiri hadi kwa mama anayesubiri, akiuliza, na hakuna aliyewahi kumjibu.

Huda alijua zisemavyo kumbukumbu za kale, japo wanahistoria hawazikubali zote. Bahari haikupasuka. Wengine walirudi na njaa. Wengine, inasemekana, walipakiwa melini bandarini Marseille, wakazama au wakauzwa. Angelisemaje hilo? Chini ya kitambaa pumzi za mama zilikuwa zikikatika, na kucha zake zilianza kugeuka buluu.

"Anataka nini?" Mzee Kitwana aliuliza.

"Habari za mwanawe."

"Basi mpe, aende zake. Mama yako anakwisha."

Huda akainama sikioni mwa mama yake, akasema kwa lugha ile ya kale kwamba mtoto amefika nyumbani, salama.

Kitambaa kikatulia. Harufu ya kondoo ikapungua, ikaisha. Mjomba Abdulla akamshukuru Mungu, mganga akaanza kukusanya vitu vyake.

Mama akajifunua. Macho yalikuwa yake, sauti yake, na usoni mlikuwa na furaha ambayo Huda alikuwa ameisahau.

"Umesema amefika," alisema kwa Kiswahili. "Na mimi nilikuwemo, nimesikia. Waambie Ijumaa wasije."

Akainuka, akaenda chumbani kwa Taimur, akatoa shuka safi kabatini na kulikunjua juu ya kitanda.

"Shika huku, mwanangu," alisema.

Huda akashika.