Ngozi Mpya ya Banjo

Norbert, fundi wa vyombo vya muziki, alikutwa amelalia meza yake ya kazi huko Kimanga, kando ya ziwa, kisogo kimepasuka. Nyundo yake mwenyewe ilikuwa sakafuni, ina damu. Kando ya mkono wake palikuwa na banjo ukulele kuukuu, ile ndogo ya nyuzi nne iliyoachwa na Mbelgiji mmoja mwaka wa uhuru. Mti una ufa, kulabu mbili za kukazia ngozi hazipo, chuma kimekula kutu. Ngozi tu ndiyo ilikuwa mpya.

Mshukiwa hakutafutwa mbali. Askari walimkamata Sévère, mkulima wa mpunga wa Bwegera, kwa sababu ndiye aliyepiga kelele mlangoni. Ulikuwa mwaka wa sitini na tano, uasi haujapoa. Mgeni akikutwa na maiti, basi ni mwasi. Luteni wa jeshi alisema kesho yake saa sita mchana anakuja na lori kumchukua. Na waliopanda lori lile, nani aliwaona tena?

Kesho yake, karakanani kwa Norbert, Inspekta Gaspard alikuwa amebakiwa na saa moja.

"Ulifuata nini kwake?"

"Jana asubuhi nilimuletea ngozi ya mbuzi. Saa kumi nikarudi kuchukua baiskeli niliyoiacha hapa, nikamukuta amekwisha kufa. Minye niko na watoto sita, Bwana Inspekta. Haki ya Mungu!"

Gaspard aliibonyeza ngozi ya banjo. Alama ya kidole ikabaki. Akapekua mifuko ya nguo za marehemu, akatoa kifurushi cha karatasi. Alisoma maandishi ya juu, akashusha pumzi.

"Niitieni Antoine."

Antoine, mtu wa Makobola, alikuwa jirani wa Norbert na mpiga ngoma wa bendi yake.

"Jana saa kumi ulisikia nini?"

"Norbert alikuwa anapiga banjo. Huyu muntu akaingia, banjo ikanyamaza."

"Banjo hii?"

"Hiyo hiyo."

"Na ngozi imevutwa jana mchana, ingali mbichi?"

"Si aliipasha moto? Ngoma zetu vile vile. Asubuhi unavuta, jioni inalia."

"Ngoma, ndiyo. Ngozi ya banjo ni nyembamba, ukiipasha moto inapasuka."

"Inakaa kivulini siku mbili," Generose, mjane wa Norbert, alisema kutoka kwenye kona, machozi yakimtoka. "Kila mara alifanya vile."

Gaspard akafungua kifurushi nusu, akatoa kijiti kidogo. "Na hiki ndicho kinachoinua nyuzi, bila hiki hazilii. Kilikuwa mfukoni mwa marehemu. Banjo hii jana haikulia, Antoine."

Lori likaunguruma nje. Sévère akaanza kusali kwa Kirundi.

"Weye uko na watoto wangapi?" Gaspard aliuliza.

"Watatu."

"Huyu sita. Wamulilie baba yao kwa kosa lako?"

Antoine alimtazama Sévère. 

"Ni minye. Waasi walipomuua mudogo wangu André pale barabarani, Norbert alikuwa anawapigia banjo. Walimuwekea bunduki mugongoni, ndiyo, najua! Lakini alipiga! André akarusha teke, kisigino kikatoboa ngozi ya hii banjo. Maiti waliitupa ziwani. Lile tundu ndilo kaburi lake, sina lingine! Nilimuambia Norbert usiliguse. Jana naingia, naona ngozi mupya. Namuuliza ya zamani iko wapi, ananiambia ngoja kwanza, anaingiza mukono mufukoni. Ningengoja nini? Nikashika nyundo."

Gaspard alimfungua Sévère pingu, kisha akakifungua kifurushi chote. Ndani mlikuwa na ngozi kuukuu, imekunjwa vizuri, na tundu lake katikati. Akamwonyesha Antoine maandishi ya juu, ya penseli: *Ya Antoine. Tuizike pamoja Jumapili.*

Antoine aliyasoma mara mbili.

"Alisema ngoja," alisema. "Mama Generose, alisema ngoja."