Aliyekataa Kumbeba Mtoto

Elpidio alimjua Ofelia kwa kumgonga kisigino. Alikuwa akisukuma kabichi sokoni La Merced kwa toroli, lile ambalo wapagazi wenyewe huliita shetani, na binti wa gauni la njano akageuka kumpima toka kichwani hadi miguuni.

"Kaka, huyo shetani wako hana breki?"

Elpidio alikuwa ameokoka mwaka uliopita na mizaha ya shetani hakuipenda, lakini alicheka mpaka kabichi zikaporomoka. Kufikia Krismasi hawakumaliza saa bila kupigiana simu.

Ofelia alishona nguo za Mtoto Yesu, zile za hariri ambazo watu huwavalisha Watoto wao, sanamu za plasta, kabla ya misa ya tarehe mbili Februari. Alikuwa na Mtoto wake mwenyewe, aliyeachiwa na marehemu bibi yake.

Tarehe sita Januari ulikatwa mkate wa Wafalme kwa Mama Enedina, mamake Ofelia, na kidoli kinachofichwa ndani yake kikatokea kwenye kipande cha Elpidio. Mila iko wazi: anayekipata anakuwa baba wa ubatizo wa Mtoto, anambeba kanisani na kulisha watu tamale, vile vyakula vya unga wa mahindi vinavyofungwa kwa maganda. Wakampigia makofi. Elpidio akasema tamale ataleta, ila sanamu hatabeba, imani yake haimruhusu. Angeishia hapo ingekuwa heri. Akaongeza kwamba plasta haisikii maombi.

Ofelia alitoka analia. Rutilio, muuza viatu aliyewahi kumchumbia, akaokota kidoli na kusema Mtoto atambeba yeye.

Tangu siku hiyo wivu ulimtafuna Elpidio usiku na mchana. Akipiga simu, Ofelia yuko na Rutilio wanachagua kitambaa. Akipiga tena, wanapima kofia.

"Kofia inapimwa siku mbili?" aliuliza.

"Mtoto ana kichwa kikubwa, mpenzi. Kama wewe," Ofelia akajibu na kukata.

Tarehe mbili alisimama nje ya kanisa na sufuria la tamale, maana ahadi ni ahadi. Rutilio alipita na suti nyeupe na buti mpya, Mtoto mikononi, na Ofelia akamnyooshea kola mbele ya watu wote. Elpidio alitamani kumpokonya Mtoto ambebe yeye. Ni saa moja tu, alijiambia, Mungu ataelewa. Mguu ukakanyaga ngazi ya kwanza. Akaurudisha, na moyo ukamuuma kama jino bovu, kwa kuwa aliamini amempoteza.

Misa ilipokwisha Ofelia akamfuata.

"Mmependezana na bwana wako," Elpidio alisema.

"Rutilio kambeba Mtoto wangu. Kuanzia leo ni nani kwangu?"

"Kompadre wako."

"Na kompadre anaoa?"

Elpidio akajipiga paji la uso. Amezaliwa mji huu huu, na hata mtoto wa chekechea anajua kwamba aliyembeba Mtoto wako ni ndugu yako mpaka kufa, kumuoa ni mwiko.

"Ungembeba wewe, ningekuita kompadre hadi kaburini," Ofelia alisema. "Wivu umekula akili zako zote."

"Ulijua siku ile?"

"Siku ile nilikuwa na hasira tu. Nilikumbuka kesho yake, nikaona nikuache uungue kidogo. Ulimtukana bibi yangu, Elpidio."

Akaomba radhi kwa neno la plasta. Kwa kukataa hakuomba, na Ofelia hakudai.

"Sitakuomba umbebe," alisema. "Na wewe usiniombe nimweke chini."

"Sitakuomba. Nakuomba unioe... nikuoe, namaanisha."

Ofelia alicheka, kisha cheko likamwisha. "Kwa padri au kwa mchungaji?"

Swali hilo hilo lilikuwa likiwasubiri. Mlangoni mwa kanisa Mama Enedina alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Ofelia akashika mpini mmoja wa sufuria, Elpidio wa pili, wakaanza kumwendea.