Maji ya Bwawa Yalipofungwa Waya

Yarelis ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Alitoka bwawani mchana kweupe, akakaa mezani na taulo mabegani, akamwambia mama yake, "Mama, maji yananishika."

"Maji hayana mikono. Kula wali na mbaazi zako," Griselle akamjibu.

Mtoto hakubisha, na hilo lenyewe lilikuwa jambo, maana Yarelis hubishana hata na redio. Alikula kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuweka mapajani.

Bwawa hilo la kuogelea lilikuwa jipya. Radamés, mumewe Griselle, alilinunua likiwa zima, beseni kubwa la fibaglasi lililoletwa kwa lori mpaka hapa Vega Alta, mtaa mzima tukatoka kushangaa. Ngazi ya plastiki, mabomba ya plastiki. Mimi ni jirani yao wa ukuta mmoja, na wivu ulinikaba, sifichi. Radamés alibaki kidogo tu aende kanisani na kaptura ya kuogelea.

Jioni ile Griselle akaenda kujionea. Akapiga magoti kwenye saruji iliyolowa, akatumbukiza vidole. Kitu kikamtambaa polepole kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, mkono ukafa ganzi. Aliutazama tu mkono wake, na hewa ikanuka kutu.

"Usimwambie mtu," Radamés akamnong'oneza. "Watasema nimenunua bovu."

Ndipo ikaja Jumapili ile. Vyura wetu wadogo, wale wanaopiga kelele kila magharibi hadi mtu unasahau kama wapo, wakanyamaza wote kwa pamoja, na Griselle aliyekuwa akianua nguo akasikia pampu ya bwawa ikinguruma ilhali hakuna aliyeiwasha, akageuka, akamwona Yarelis amelala kifudifudi ukingoni, mkono wote umezama hadi begani, midomo imekuwa ya buluu, macho wazi, halii, hasemi, na anasogea kidogo kidogo kuelekea majini kama mtu anayevutwa kwa subira. Radamés akakimbia kuzima umeme wa nyumba nzima. Maji hayakumwachia. Akamfunga mtoto taulo kavu kiunoni, akamvuta mpaka akatoka.

"Kama ni jini, simtaki, na bwawa silitaki," Griselle alisema usiku ule. "Namtaka mwanangu."

Kesho yake akaja Bi Ramonita, mganga wetu, na kaka yake Obdulio, fundi umeme, nami nikaenda kushuhudia. Ndugu hawa hawajawahi kukubaliana hata juu ya saa.

Bi Ramonita alinusa maji, akauliza, "Mkesha wa mwaka mpya, ndoo yenu ya maji mliimwaga wapi?"

Radamés akatazama viatu vyake. Huku kwetu mwaka ukigeuka kila nyumba hurusha ndoo ya maji barabarani, mikosi ya mwaka mzima iende zake. Yeye, kwa kujivuna mbele ya wageni, alikuwa ameimwaga bwawani.

"Nilitaka kulibariki," akasema.

"Umelibariki kwelikweli! Uchafu wa mwaka mzima umeufugia uani, kisha unampeleka mtoto akaogee. Radamés, mama yako alikuzaa na akili, umeziweka wapi?"

"Dada, mwache," Obdulio akasema, akiwa amechutama na kipimo chake. "Nondo za zege, pampu, nguzo za uzio, vyote vimefungwa pamoja kwa waya wa shaba, safi kabisa. Yaliyosahaulika ni maji yenyewe. Hayagusi chuma popote. Ukikanyaga saruji ukagusa maji, wewe ndiye unakuwa waya."

"Si ndicho ninachosema? Jini ameachwa peke yake humo, anatafuta wa kumshika."

"Haya, leo umepatia."

"Mtamtoa?" Griselle akauliza kwa sauti ya chini.

"Umeme huu unatoka kwenye laini ya mtaa, unapitia ardhini," Obdulio akamjibu. "Kuutoa siwezi. Nitasawazisha. Maji, zege, pampu, na mtu aliyesimama hapo, wote kiwango kimoja. Mkiwa sawa, hamhisi kitu."

Akafunga kipande cha chuma kisichoshika kutu, kipana kama kiganja, pale pampu inapovutia maji, akakiunganisha kwa waya mtupu wa shaba na vile vingine. Bi Ramonita alinyunyiza majani ya ruda, mmea wa kufukuzia mikosi, na kusali. Skrubu ya mwisho ilipokazwa, tukasikia pumzi ndefu ikishuka, lakini haikutoka juu ya maji, ilipita chini ya saruji, chini ya nyayo zetu, taratibu, ikaelekea jikoni, na masufuria yakalia kidogo kabatini halafu yakatulia. Hakuna aliyejali. Kipimo kilisoma sifuri. Yarelis aliingizwa majini, akaulizwa anahisi nini.

"Sihisi kitu."

Griselle alilia kwa furaha. Obdulio na dada yake wakakumbatiana, jambo ambalo sikutegemea kuliona nikiwa hai.

Baada ya hapo nyumba ile ikatulia mno. Radamés alijipiga nyundo kidoleni akiwa juu ya paa, nikaona damu ikimdondoka, na yeye anaendelea kugongelea. Griselle alipigiwa simu kwamba mama yake amefariki. Alisema, "Sawa," akarudi kumenya ndizi. Nikajiambia, huzuni ina njia nyingi.

Nikampelekea sahani ya pole. Nilikuta mlango wa jikoni wazi, nikaingia, nikaegemea sinki la chuma. Nyumba ilinuka nyama inayoungua. Yarelis alikuwa amesimama kando ya jiko akinisimulia habari za mwalimu wao, vizuri tu, jino moja la mbele halipo, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kimelala juu ya sahani ya jiko la umeme iliyoiva nyekundu.

"Griselle!" nikasema. "Mtoto! Mkono!"

Griselle akageuka, akatazama bila haraka.

"Yarelis, mama, toa mkono," akasema. "Nataka kuweka kahawa."

Mtoto akautoa, ngozi ya kiganja ikabaki pale. Griselle akaweka birika juu yake. Nilifungua kinywa nipige yowe mtaa mzima usikie, na kiganja changu bado kilikuwa kwenye sinki, kisha hamu ya kupiga yowe ikanitoka, taratibu, kutokea vidoleni.

"Kahawa ina sukari?" nikauliza, nikavuta kiti nikakaa.