Makelele ya Mashini ya Bilonda

Mu nyumba yetu kazi inaanza saa mbili ya asubui. Saa ile njo courant ya umeme inarudia hapa Musonoi. Mutoto wangu Bilonda anawasha ordinateur, anavuta kiti, anaanza kuandika. Miye nakaa pembeni, namusomea maandiko ya batu, neno kwa neno. Sikusoma sana. Nilifika mwaka ya ine ya primaire, basi.

"Papa, soma polepole," Bilonda anasema.

"Nasoma sawa vile iko imeandikwa. Ule mwanafunzi anaandika kama kuku."

Banafunzi banatuletea travail yabo ya mwisho ya masomo. Batu bale balifukuzwa ku kazi banatuletea barua ya kudai haki yabo. Bilonda anaandika byote. Ile kazi njo inatulisha.

Ilikuwa mwaka 2009. Bei ya shaba ilianguka. Bakubwa ya kampuni yetu ya mine, ya kuchimba shaba, balifunga biro, bakapanda ndege. Hata kutuaga, hapana. Siye bafanyakazi balitupatia siku tatu ya kutoka mu nyumba ya kampuni. Bibi yangu Abigaëlle, mama ya Bilonda, alikuwa mugonjwa. Alikufa mwezi ule ule. Nasema ni zile siku tatu njo zilimuua, na neno yangu sitaibadilisha.

Kufukuzwa ninakujua. Nilizaliwa hapa Kolwezi. Baba yangu alitoka Kasai, balimuleta hapa kwa kazi ya mine. Lakini mwaka 1993, wakati bakubwa ya siasa balifukuza batu ya Kasai, tulilala wiki sita ku gare na malle yetu ya chuma, ile ya kutia nguo. Train ya kutubeba haikukuya. Njo juu ya ile tulibaki.

Sasa tunapanga chumba kimoja kwa Mama Mushiya, mwenye parcelle na nyumba. Ordinateur yenyewe Bilonda aliitengeneza kwa mukono yake. Wakati kampuni zilifunga, bitu bya biro biliuzishwa ku soko kama makala. Alichukua kipande hapa, kipande pale, akaunganisha. Ilianza kutumika. Lakini ilikuwa na makelele! Ilivuma, ilitetemeka, iligonga.

Siku ya kwanza ya juma tulisikia mutu anapiga ku kibambazi, ukuta wa chumba. Ngo! Ngo! Ngo!

"Muamba! Ile ni mashini ya kuandika ao ni moulin ya mahindi?"

Alikuwa jirani yetu, Tata Ngeleka. Chumba chake na chetu, kibambazi ni kimoja.

"Ni ya kuandika, Tata Ngeleka."

"Kama ni hivyo nitaleta muhogo yangu. Itasaga tu!"

Bilonda alicheka. Miye sikucheka. Tata Ngeleka ni sentinelle ku Kingamyambo, kule banaosha mabaki ya mine. Analinda usiku, analala muchana. Juma lililopita chef wake alimukuta amesinzia. Alimuambia: ukisinzia tena, unaenda.

Muchana Mama Mushiya alikuya, mikono ku kiuno.

"Tata Muamba, Ngeleka hapati usingizi. Anasema ao mashini itoke, ao yeye atoke. Na yeye iko na kazi."

"Siye nasi tuko na kazi, mama. Ni ile mashini."

"Nitakuya siku ya posho, asubui, nisikilize mwenyewe. Nikisikia makelele, mutafuta chumba ingine."

Siku ya posho ni jumamosi. Zamani siku ile kampuni iligawia bafanyakazi unga na samaki. Posho bakubwa balikula, siye balituachia jina.

Nilikata shauri: hakuna mutu atanitosha tena inje ya nyumba. Hata mumoja.

Kesho yake Bilonda alipotoka kuchota maji, nilichukua bikwembe bibili bya marehemu bibi yangu, bitambaa bya kubebea mutoto. Kwetu kitu ya bei tunaivalisha. Télé iko na kitambaa chake, radio iko na chake. Nikawaza: nikivalisha ordinateur muzuri, itanyamaza. Niliifunga mbele, nyuma na juu.

Makelele yalipunguka kidogo. Nilifurahi. Kisha mashini ikaanza kulia zaidi kuliko mbele. Bilonda alirudia, akaketi, akaandika. Aliona bikwembe, akawaza ni mapambo tu. Kisha tukasikia harufu ya joto, na télé ya ordinateur ikawa nyeusi. Kimya.

"Papa! Kurasa munane! Zote zimepotea!"

"Nilitaka inyamaze."

"Basi imenyamaza. Furahi!"

Alitoka mbio kumuita Mama Tshiela. Mama Tshiela alikuwa anatengeneza ordinateur mu biro ya kampuni, mbele bakubwa bakimbie. Sasa anauzisha beignets, mandazi ya mafuta, ku kona ya barabara. Alikuya na unga ku mikono. Alipoona bikwembe, alisimama.

"Nani alibeba huyu mutoto ku mugongo?"

"Ni miye," nilijibu.

"Tata Muamba, nikikufunga kikwembe ku pua na ku kinywa, utapumua namna gani?"

"Kwa nguvu."

"Njo vile. Mashini ikitumika, inapata joto. Iko na ventilateur ndani, inazunguka, inatosha ile joto inje. Ukifunga njia ya upepo, joto inapanda. Joto ikipanda, ventilateur inakimbia zaidi. Ikikimbia zaidi, inalia zaidi. Ikishindwa, mashini inajizima yenyewe, isiungue."

"Kumbe ilikuwa inalalamika?"

"Ndiyo. Na weye ukaifunga kinywa."

Nilipata haya. Siye nasi tulipolalamika ku kampuni, bakubwa balituma batu ya kutunyamazisha. Hawakuuliza tunakosa nini. Na miye nilifanya sawa nabo.

Mashini ilipoa, ikawaka tena. Mama Tshiela alimuambia Bilonda aweke kwanza maandiko yote ku clé, kale kadogo ka kuchomeka na kubebea maandiko. "Mbele ya kushika ndani ya mashini, kazi yako iwe mahali pengine," alisema. Kisha akaniita. "Tata, weka mukono ku malle."

Ordinateur ilikaa juu ya ile malle yetu ya chuma, karibu na kibambazi. Niliweka mukono. Malle ilitetemeka sawa mutu wa homa.

"Ndani ya mashini kuko kitu banaita disque dur," alieleza. "Maandiko yote inalala mule. Iko na sahani inazunguka mbio, siku muzima. Kutetemeka yake inapita ku visi, ile misumari ya kukaza, inaingia mu sanduku ya mashini, inashuka mu malle. Mu malle kuko nini?"

"Hakuna kitu. Tuliuzisha byote juu ya dawa ya bibi yangu."

Aliinamisha kichwa kidogo. "Pole, tata. Basi ile ni ngoma. Na ile ngoma inaegemea kichwa ya Ngeleka."

"Mama," nilisema, "miye nilitumika miaka makumi mbili ku pompe za maji mu mine. Pompe tuliisimamisha juu ya kauchu, mupira muzito. Bila kauchu inapasua béton, simiti ya chini."

"Ee! Sasa unaniuliza nini? Kazi unaijua!"

Tulianza saa ileile. Tulizima mashini na kuchomoa waya. Mama Tshiela alishika kwanza chuma ya sanduku kwa mukono. "Mwili iko na courant kidogo," alisema. "Itokee hapa, isiingie mu bipande." Tulifungua. Mavumbi ya Musonoi ilijaa mule kama blanketi. Bilonda aliifagia na pinceau ndogo. Alishika ventilateur na kidole, isizunguke ovyo. Ventilateur moja ilikuwa kavu, inakwaruza.

"Niko na mafuta ya ngazi, ile ya mawese," nilisema.

"Unataka kukaanga nini? Mafuta ya chakula inaganda, inashika mavumbi. Tone moja ya mafuta ya mashini ya kushona, basi."

Waya zilikuwa zinaziba njia ya upepo. Bilonda alizifunga pembeni na kamba.

Kesho yake nilitafuta chambre à air ya zamani ya kinga, ile kauchu ya ndani ya gurudumu ya baiskeli. Niliikata kwa kisu yangu, mikanda mirefu, sawasawa. Tulitosha visi za disque dur, tukaitundika ku ile mikanda ndani ya sanduku. Ilining'inia bila kugusa chuma, lakini haikuyumba.

"Sikiliza muzuri," Mama Tshiela alituonya. "Disque dur yenyewe hamufungui hata siku moja. Iko na katundu kadogo, hamukafunike. Na hamusukume mashini wakati inawaka."

Mwisho niligonga misumari, nikatengeneza meza ya mbao. Tuliiweka ku kibambazi ya upande ingine, mbali na Ngeleka. Chini ya mashini nilitia bipande bine bya kauchu. Nyuma tuliacha nafasi ya mukono moja, upepo upite. Tulifanya majaribio mara tano. Kila mara nilisikia kitu kidogo kinalia, nilifungua tena. Bilonda alichoka. Miye hapana.

Siku ya posho ilifika. Saa tatu Mama Mushiya aliingia. Hakusalimia. Alisimama katikati ya chumba.

"Muiwashe. Nisikie."

"Iko inawaka, mama," Bilonda alijibu. "Tangu saa mbili niko naandika."

Mama Mushiya alisogea, akainama, akatega sikio ku sanduku. Ilitoa pumzi kidogo tu, kama mutu anapuliza chai. Kisha alisimama wima, akakunja uso.

"Musinidanganye. Na ile makelele ni ya nini? Ile: hrrr, hrrr?"

Tulisikiliza sote. Bilonda alifunika kinywa na mukono.

"Mama," nilisema, "ile ni Tata Ngeleka. Anakoroma."

Mama Mushiya alicheka mupaka akashika meza. Kisha aliweka kidole ku midomo, juu ya Ngeleka, asimuamushe.

"Kaeni," alisema polepole. "Kaeni tu."

Alitoka, akafunga mulango bila kuupiga. Bilonda alirudia ku kuandika. Miye nilibaki nimesimama. Nimeishi na bakubwa bengi mu hii inchi, ba mine na ba siasa. Bote balijua kuniambia toka. Ile siku njo mara ya kwanza mutu mwenye funguo aliniambia kaa.

"Papa," Bilonda aliita, "soma. Barua ya bafanyakazi inangoja."

Nikaketi, nikasoma.