Kidoti cha Lokol

Mchana ule tulikuwa tunabishana kuhusu simu. Saluni yangu hapa Lodwar ni ya mabati, na jua likisimama utosini wateja huzungumza lolote ili mradi wasisinzie. Christine, anayefanya kazi katika ofisi za kaunti, alisema tangu aachane na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, na kununua simu ya kioo hawezi tena kuishi bila ile kamera inayolainisha uso. Nikamwambia ndiyo maana wanaume wakikutana naye ana kwa ana humuulizia dada yake. Mimi nilitaja ile ya kuongea simu ikakuandikia yenyewe, kwa sababu mikono yangu hushinda na mafuta ya nywele. Apua, jirani yangu wa mtaani Napetet, alikuwa ameinamisha kichwa ninamsuka. Alisubiri tumalize kucheka.

"Mimi ni lokesheni ya Lokol," akasema. "Hiyo wakinitolea, afadhali wachukue simu yote."

Lokol alikuwa mume wake. Aliendesha pikapu kati ya Lodwar na Kakuma, akiwabebea mizigo wafanyabiashara, na mara nyingine hata nywele zangu bandia alinibebea kutoka kwa Wasomali wa kambi ya wakimbizi ya huko. Alipobadilisha simu alimnunulia mkewe nyingine ya aina ileile, wakaziunganisha. Yeye akawa anamwona Apua kwenye ramani, na Apua anamwona yeye. Huko kwenye ramani Lokol alikuwa kidoti chenye picha ya uso wake, amekunja kipaji kwa sababu ya jua.

Usicheke. Siku za kabambe Apua alishinda kutwa bila kujua kama mumewe amefika, ameharibikiwa na gari, au ameviziwa na wenye bunduki. Sasa alitazama kidoti. Kikiukaribia mji alibandika sufuria, na Lokol alipopiga mabati ya mlango kwa kiganja, vile alivyozoea badala ya kubisha, ugali ulikuwa unageuzwa. Nilimtania mara nyingi kwamba ameolewa na ramani.

"Sellah, wewe hujawahi kungojea mtu wa barabara," alinijibu.

Ni kweli, sijawahi.

Lokol alikufa siku ya jua kali. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko milimani, na laga la njia ya Kakuma, mto wa msimu, lilikuwa kavu alipoingiza gari. Maji yalimkuta katikati. Gari lilipatikana limelala ubavu, na yeye akapatikana mbele zaidi, amekwama kwenye mizizi ya miti. Simu yake haikupatikana. Apua alikuwa anatazama. Aliona kidoti kimesimama ndani ya laga, akadhani mumewe ameteremka kuangalia gurudumu. Kikafifia, kikawa cha kijivu, yeye bado anangoja kisogee. Maji ya ugali yalichemka mpaka yakakauka sufuriani.

Tulimzika kwa wazazi wake, nje ya Kakuma. Wanawake wa ukoo walinyoa nywele, na Apua akavua shanga zote, akakaa mchangani wakamnyoa na yeye. Zile nywele nilikuwa nimezisuka mimi. Nilipoziona zimetawanyika chini nililia kuliko nilivyolia kaburini, na sioni aibu kusema hivyo.

Kisha wakahamisha boma. Kwa ukoo wao ndivyo ilivyo, hasa mtu akifa ghafla. Mama yake Lokol, mzee Akuwam, alinieleza kwa Kiswahili chake cha sokoni huku akifunga ngozi za kulalia.

"Yeye hapana jua amekufa," akasema. "Atakuja kwa mlango ile anajua. Sisi tunatoa mlango."

Hata nyumba ya kupanga ya Lodwar ilibidi ihamwe. Apua na mtoto wakaondoka Napetet wakaenda Nakwamekwi, ng'ambo ya pili ya mji, bila kuwaaga majirani. Mimi nilijua kwa sababu nilibeba godoro. Akuwam akaja kukaa nao, na jina la marehemu likapigwa marufuku humo ndani. Hata Akiru, mtoto wao wa pekee, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuunganisha maneno, alifundishwa asilitamke. Kila kitu kilifanywa kama inavyotakiwa. Simu ya Apua ndiyo haikukumbukwa na mtu.

Apua aliendelea kuitazama. Kidoti cha kijivu kilibaki palepale lagani, na uso wa Lokol ukiwa umekunja kipaji. Nilimshauri akifute apate kupumzika.

"Nikifuta, yeye atabaki wapi?" aliniuliza.

Nilimsaidia kufua nguo za mtoto.

Jumapili moja baada ya kanisa nilienda kuwaona. Ilikuwa ile saa ya joto ambayo hata mbuzi hawatembei. Akuwam alikuwa amelala mkekani na mjukuu wake. Apua alinivuta hadi nyuma ya nyumba.

"Sellah," akaninong'oneza. "Amewaka."

Kidoti hakikuwa cha kijivu tena. Chini yake simu iliandika kwamba chaji imebaki asilimia moja. Nilimwambia ni mchungaji ameiokota, au mchota mchanga, ameikausha na kuiwasha. Tukapiga. Mteja hapatikani. Tukapiga tena, hivyo hivyo, na kidoti kikasogea tukiwa tunakitazama.

Hakikufuata barabara. Kilipita katikati ya mawe na miba, moja kwa moja, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Jua lilipolegea kikasimama. Kesho yake, joto lilipopanda, kikaanza tena. Chaji haikupungua wala kuongezeka. Apua aliniambia hata mchungaji hatembei saa hiyo, na mimi nikajifanya sikusikia.

Siku kilipoingia mjini Akiru alianza kukohoa.

Mimi bado nilikaa Napetet, chumba kilekile. Nyumba ya akina Apua ilikuwa imechukuliwa na Gitau, muuza misumari na mabati, mtu mkimya. Mchana huo nilikuwa nimerudi nyumbani kula. Simu yangu ikaita. Apua hakusalimia.

"Yuko hapo kwenu," akasema.

Kabla sijamjibu nikasikia kupitia ukuta. Kiganja kwenye mabati. Polepole, kama mtu aliyechoka na safari. Miaka yote niliyokaa pale nilimsikia mtu mmoja tu akipiga mlango namna hiyo. Nilitoka nje kwa sababu miguu ilinitoa, si kwa ushujaa.

Mlangoni kwa Gitau hapakuwa na mtu. Kizingiti kilikuwa kimelowa. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yenye vijiti na majani, yalikuwa yanatiririka kutoka mahali pasipokuwa na chombo. Gitau akafungua, akaangalia chini.

"Nani amemwaga maji hapa?" akauliza.

Nilimwambia sijui. Wakati huo hapakuwa na mvua wala mfereji uliotoa maji mtaani.

Apua alikuwa bado kwenye simu. Nilimsikia akihema.

"Ametoka hapo, Sellah. Anakuja huku."

"Atajuaje mmehamia wapi? Hakuna aliyeambiwa."

Nyuma ya Apua mtoto alikuwa anakohoa, kikohozi kizito cha mtu aliyepaliwa.

"Simu yake," akasema. "Inanionyesha mimi."

Sikufunga hata mlango. Nilirukia bodaboda nikamwambia aruke matuta yote. Njiani nilikuwa nawaza upuuzi, kwamba tutalipita lile jambo barabarani, kwamba nitaliona. Niliona punda na jua tu.

Nilipofika, Akuwam alikuwa amempakata Akiru. Midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu. Alikohoa, na kilichomtoka kinywani kilikuwa maji ya tope. Yalimwagikia kwenye magoti ya bibi yake. Mchanga ulikuwa ndani yake, nilishika nikausikia vidoleni. Nilimgeuza kifudifudi nikampiga mgongoni kama ningeokoa mtoto aliyetumbukia mtoni. Yalitoka mengine. Na mengine.

Apua alikuwa amepiga magoti katikati ya nyumba, simu mkononi. Alikuwa anamweleza mama mkwe wake kwa Kiturkana, haraka haraka. Yule mzee alinyoosha kidole kuelekea kwenye kioo.

"Hii kitu inaonyesha yeye nyumba yetu?"

"Ndiyo, mama."

Nilitegemea angemkaripia. Hakumkaripia. Alimtazama mwanawe kwenye kile kidoti, amekunja kipaji, na machozi yakamtoka bila sauti. Aliongea kwa lugha yao, na Apua akanitafsiria, nadhani ili na yeye ayasikie vizuri.

"Anasema haji kwa ubaya. Anakuja kwa watu wake. Lakini amekufa na maji. Akimkumbatia mtoto, atamkumbatia na maji yake."

"Funga," akasema Akuwam. "Funga hiyo."

Apua aligusa kioo. Simu ikamuuliza kama kweli anataka kuacha kumwonyesha Lokol mahali yeye mwenyewe alipo. Kidole kikabaki hewani.

Harufu ya tope ikaingia. Tope bichi, la laga linaloshuka. Chini ya mlango mwanga ulikatika, kisha maji yakaanza kupenya, kidogo kidogo, yakilowesha ukingo wa mkeka.

Kiganja kikagusa mabati.

Hakupiga kwa nguvu. Alipiga kama zamani.

Akiru alifumbua macho. "Baba," akasema, na maji yakambubujika puani.

"Apua," nilinong'ona. "Mtoto anakufa."

Alitambaa mpaka mlangoni. Aliweka kiganja chake juu ya mabati, upande wa ndani, mahali palepale. Nilidhani atafungua. Mungu ananiona, nilidhani atafungua, na sijui kama ningekuwa na nguvu ya kumzuia.

"Baba Akiru," akasema, kwa sauti ndogo sana. "Enda. Sisi hatuko hapa."

Kisha akabonyeza.

Kiganja cha nje kilinyamaza. Akiru alivuta pumzi, ndefu, kavu. Akalia kilio cha kawaida cha mtoto mwenye hasira. Akuwam alimkumbatia akaanza kumbembeleza, na mimi nikakaa chini.

Lakini Apua hakuinuka. Alikuwa amekata upande wake tu, wa yeye kuonekana. Upande wa Lokol ulikuwa bado wazi. Kidoti kilikuwa hapo mlangoni, hatua moja kutoka alipokuwa amepiga magoti, na hakikujua tena kwamba yuko. Kilisimama. Kikazunguka kidogo. Halafu kikaenda kwenye nyumba ya jirani, kikasimama. Kikaenda kwenye nyumba iliyofuata.

Apua alikitazama mpaka jua likalegea, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya simu.

Akiru alipona. Daktari alisema mapafu yalikuwa na maji, akauliza mtoto alitumbukia wapi, na kwa kuwa hatukuwa na la kumwambia tulisema kwenye karai. Sasa anakimbia, anakula, anatukana kuku. Hajataja baba tena.

Lokol hakurudi lagani. Kila siku joto likipanda kidoti huanza kutembea mjini. Huenda sokoni pale Apua aliponunua mboga. Huenda kanisani, kikakaa upande wa wanawake. Huja hata nje ya saluni yangu, mahali ambapo Lokol aliegesha pikapu akimsubiri mkewe amalize kusukwa, na nikiambiwa yuko hapo sitoki, wala siruhusu mteja atoke. Halafu hurudi Napetet, kwenye kizingiti cha Gitau, kikabaki hapo mpaka kesho. Gitau naye anatafuta nyumba nyingine.

Nilimwomba Apua akate na upande huo wa pili. Nilimwambia hakuna binadamu anayeweza kuishi hivyo, akimwona mtu wake akipita mlango kwa mlango akimtafuta. Nywele zake zimeanza kuota, na amezeeka usoni.

"Nimemwambia uongo, Sellah," alinijibu. "Nimemwambia hatuko, na tulikuwa hapo. Sasa hata kumtazama pia nikatae?"

Kwa hiyo humtazama. Sufuria habandiki tena saa hiyo. Humpa mtoto chakula mapema, kisha hukaa nyuma ya nyumba na ile simu.

Jana mchana nilikuwa namsuka Christine. Simu yangu ikalia mezani, nikadhani ni mteja. Nilifuta mafuta mkononi nikaichukua. Namba ya Lokol sikuwahi kuifuta, kwa sababu ya ile mizigo yangu ya Kakuma. Kwenye kioo palikuwa na uso wake, amekunja kipaji, na maneno chini yake: Lokol anaomba kuona mahali ulipo. Chini ya maneno, Kubali. Pembeni, Kataa.

Alikuwa anajua. Mimi hushinda Nakwamekwi kila nikipata nafasi. Mimi ndiye humpakata Akiru.

Nilikataa. Nilimwambia, "Shemeji, nisamehe," nikakataa, na nikalia mbele ya wateja mpaka Christine akageuka kuniuliza naongea na nani.

Baadaye niliona doa kwenye kioo cha simu, palepale lilipokuwa neno Kubali. Nilidhani ni mafuta yangu ya nywele. Nilisugua kwa kitambaa, nikasugua kwa spiriti. Leo asubuhi nimempelekea fundi, akakibandua kioo, akakiinua juu kwenye mwanga, akaniambia doa liko upande wa ndani. Ni alama ya kidole gumba, ya tope, na bado haijakauka.