Noti Chini ya Kisahani

Mama Pacha ni fundi cherehani. Macho yake yamezoea kutafuta uzi uliokatika, na kwa bahati mbaya humtazama mumewe kwa macho hayohayo.

Mumewe hutengeneza pikipiki. Majirani humwita Spana. Jumamosi moja alipata kazi nzuri, akamwambia mkewe, "Leo usipike. Twende tukale mkahawani."

Mama Pacha alivaa gauni lake zuri, lakini moyoni alijiuliza: tangu lini?

Aliyewahudumia mkahawani alikuwa binti mcheshi. Alifuta meza, akaleta chakula cha moto, akaongeza maji bila kuombwa. "Mzee wangu, nikuletee pilipili?" alimwuliza Spana. Spana akacheka. Mama Pacha hakucheka. Mzee wake tangu lini?

Spana alilipa bili yote. Kisha, kimyakimya, akasukuma noti chini ya kisahani na kutangulia nje. Mwosha vyombo aliyekuwa akikusanya sahani meza ya pili aliona. Mama Pacha naye aliona, tena vizuri sana. Mwosha vyombo alipogeuka, Mama Pacha aliichomoa ile noti na kuitia kwenye mkoba wake.

Nyumbani kesi ikaanza.

"Baba Pacha, yule binti unamjua?"

"Binti gani?"

"Usinizungushe. Uliyemwachia hela."

"Ni bakshishi tu, mke wangu. Kila mtu huacha."

"Kila mwanamume, sema hivyo!"

Spana aliona heri akaoshe pikipiki ambayo haikuwa chafu.

Kesho yake Mama Pacha alikwenda kwa jirani yake, Mama Sinia, aliyepata jina hilo kwa kubeba masinia mikahawani miaka mingi. Aliitandaza noti mbele yake. "Ushahidi huu hapa."

Mama Sinia alishika kichwa. "Wee! Umeitoa mezani?"

"Sasa nimwachie anichukulie mume?"

"Sikiliza, mwenzangu. Mshahara wa mhudumu ni mdogo. Tajiri anapoupanga, anajua wateja wataongezea kidogo. Bakshishi ndiyo nauli yake, ndiyo kodi ya chumba."

"Kwa nini huyo tajiri asiwalipe vya kutosha?"

"Angepaswa. Niliuliza hivyo mpaka nikachoka. Lakini ukiondoka bila kuacha kitu, tajiri haumii. Anayeumia ni aliyekuletea sahani."

"Kwa hiyo ni lazima?"

"Si sheria, ila mahali kama pale inatarajiwa. Kwanza soma risiti. Ikiwa gharama ya huduma imeshaingizwa, huna haja ya kuongeza. Kama haimo, na umehudumiwa vizuri, acha kiasi unachoweza. Na usidhani umemnunua mtu! Tena ile hela si ya binti peke yake. Huingia kwenye kopo, wanagawana na wapishi na waosha vyombo. Akificha, anaitwa mwizi."

Mama Pacha aliikunja noti haraka. Alimkumbuka yule mwosha vyombo. Hata hakuaga, akakimbilia mkahawani.

Alimkuta binti amesimama kwenye kaunta bila aproni, macho mekundu. Msimamizi alikuwa akimhoji mbele ya watu.

"Mwenzako aliona noti ikiwekwa. Koponi haimo. Ilipaa?"

"Naapa, sikuiona."

Wateja waligeuka kutazama. Mama Pacha angeweza kurudi kinyumenyume. Hakuna aliyejua kwamba noti alikuwa nayo yeye. Aibu ilimchoma, lakini mdomo ulitangulia.

"Mwache binti wa watu! Nilichukua mimi."

"Wewe nani?" msimamizi aliuliza.

"Mke wa mwenye noti. Nilidhani huyu anatembea na mume wangu."

Jikoni mtu akaangua kicheko, kisha wote. Binti peke yake hakucheka.

"Mama," alisema, "ningefukuzwa leo."

"Najua, mwanangu. Nisamehe."

Mama Pacha alitia noti koponi, akaongeza yake. Msimamizi alimrudishia binti aproni na kumwomba radhi. Mwosha vyombo naye akaomba radhi, akiangalia chini.

Siku hizi Mama Pacha na Spana wakienda pale, mke ndiye husoma risiti. Akiona gharama ya huduma haimo, haweki kitu chini ya kisahani. Humwita binti, humpa noti mkononi, na kusema kwa sauti ya kufika jikoni:

"Shika, waone wote. Atakayekushuku, aanze na mimi."